Tiketi 612 na daftari la Hiace: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lubumbashi

Kisa hiki ni cha kufundishia. Maktaba, familia na idadi ya vitu ni mfano. Historia ya reli, ya pesa na ya mji ni ya kweli, na makosa yanayochambuliwa ndiyo hasa hutokea karatasi za usafiri zinapoangukia mikononi mwa watu wenye nia njema na haraka nyingi.

Mzigo ulivyofika

Maktaba ndogo iliyo ndani ya jumba la makumbusho mjini Lubumbashi ina chumba cha mita 4 kwa 5, paa la bati, mkutubi mmoja na msaidizi mmoja. Mwezi wa kumi, mvua zikikaribia, familia ya mzee aliyestaafu reli inaleta maboksi manne na sanduku la chuma. Mzee alianza stesheni akauza tiketi, akamalizia kama mkaguzi wa treni za abiria. Yu hai, akili yake timamu, ila miguu haimbebi tena. Familia inahama nyumba, na vitu vikikosa mahali vitauzwa kwa wafungaji wa karanga sokoni.

Boksi la kwanza lina madaftari 23 ya stesheni. La pili lina vitabu 11 vya ratiba na ramani 9 za buluu zilizoviringishwa. La tatu lina tiketi 612 za kadi ngumu, vifurushi 31 vilivyofungwa kwa mipira. La nne lina picha 140, bahasha ya negatifu, na kile ambacho familia iliandika juu ya boksi kwa kalamu ya wino: «ya nyumbani». Sandukuni kuna taa ya mkono, koleo la kutobolea tiketi, kofia na kibao cha stesheni kilichopigwa rangi ya kuchomwa.

Wageni wote wa siku ile walikimbilia taa na kibao. Si ajabu. Lubumbashi na reli walizaliwa pamoja: njia ya chuma ilifika mwaka 1910 kutoka kusini kupitia Sakania, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Kampuni ya reli ya BCK ilikuwa imeundwa 1906. Reli ilifika Ilebo 1928, ikaungana na ile ya Benguela kwenye mpaka wa Dilolo 1931, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 treni za umeme zilikuwa zinatembea kati ya Likasi na Tenke. SNCC, shirika la reli la taifa lenye makao yake hapa mjini, ndiyo mrithi wa historia hiyo. Reli imeacha karatasi nyingi kwa sababu reli haiendi bila karatasi. Basi dogo la kwenda mtaa wa Katuba linaenda vizuri tu bila karatasi yoyote, na humo ndimo ugumu wa kazi hii ulimo.

Kosa la wiki ya kwanza

Siku ya kupokea, msaidizi alipiga picha za simu: maboksi yakiwa wazi, na vifurushi 9 vya tiketi vilivyokuwa juu. Baadaye aliona mipira imeoza, inanata na kuacha alama za kahawia kwenye kadi. Akaikata yote. Halafu, ili kazi ipendeze, akapanga tiketi kwa rangi: za daraja la kwanza peke yake, za pili peke yake, za watoto peke yake.

Kukata mipira kulikuwa sahihi. Mpira ukioza hutoa salfa na hugandisha karatasi. Kupanga kwa rangi ndiko kulikoharibu. Tiketi hizi hazikuwa zile ambazo hazijauzwa. Zilikuwa zimekusanywa kwa abiria mwisho wa safari, na kila kifurushi kilikuwa treni moja ya siku moja. Ndani ya kifurushi mlikuwa na tiketi za stesheni mbalimbali na za madaraja mbalimbali, yaani picha kamili ya nani alipanda wapi siku ile. Ukishapanga kwa rangi, unabaki na kadi nyekundu nyingi na kadi kijani nyingi. Rangi tungeweza kuitafuta wakati wowote kwa macho. Safari haionekani kwa macho.

Ilivyopasa: kata mpira, zungushia kifurushi ukanda wa karatasi safi wenye upana wa sentimita 2, andika juu yake kwa penseli «boksi 3, tabaka 1, kifurushi 7», halafu kiache hivyo hivyo. Dakika mbili kwa kifurushi. Vifurushi 31 ni kazi ya saa moja.

Kurudisha kilichotawanyika

Haikuwa msiba wa moja kwa moja, kwa sababu boksi la kwanza lilikuwepo. Muuza tiketi wa stesheni alifunga hesabu ya kila siku kwa kuandika namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho kwa kila aina na kila mwisho wa safari. Daftari likisema kwamba tarehe fulani tiketi za kwenda Likasi zilianza 04120 zikaishia 04188, basi tiketi yenye namba 04151 iliyookotwa popote mezani iliuzwa siku hiyo. Tiketi bila daftari la stesheni ni kadi ya rangi tu; daftari likiwa pembeni, kadi inapata tarehe, treni na abiria.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza namba za tiketi zote 612 ziliandikwa kwenye jedwali, pamoja na stesheni ya kuanzia, ya kwenda, aina, na umbo la tundu. Umbo la tundu si mapambo: katika reli nyingi kila mkaguzi alikuwa na koleo lenye umbo lake, nyota, moyo, msalaba au herufi, ili wakubwa wajue nani alikagua. Tiketi zenye tarehe moja na tundu moja karibu hakika zilikuwa kwenye treni moja. Pili, zilitafutwa kadi zenye mstari wa kahawia wa mpira, maana hizo zilikuwa za nje, moja juu na moja chini ya kila kifurushi. Mistari miwili inayolingana kwa upana na mahali ni mifuniko ya kifurushi kimoja. Tatu, zile picha za simu za vifurushi 9 zilikuzwa kwenye skrini hadi namba za kadi za juu zikasomeka.

Mwishowe tiketi 388 zilirudi kwenye siku na treni yake, 141 zikajulikana mwezi tu, 83 zikabaki bila mahali. Hizo 83 zinafungwa peke yake na kuandikwa wazi kwamba mpangilio wake ulipotea mikononi mwa maktaba. Kuzisambaza kwa kubahatisha ili jedwali lijae kungekuwa kosa la pili, baya kuliko la kwanza, kwa sababu msomaji wa kesho asingeweza kuliona.

Tarehe kwa njia ya pesa na majina

Kwa karatasi isiyo na tarehe, Congo inampa mkutubi zawadi ambayo nchi tulivu hazina: pesa na majina yamebadilika mara nyingi. Bei ya faranga bila neno jingine huelekea kuwa ya kabla ya 1967. Faranga ya Katanga ni ya miaka ya kujitenga, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sarafu za zaïre na makuta zilianza 1967, zaïre moja kwa faranga 1,000. Zaïre mpya ilikuja 1993, moja kwa zaïre milioni 3 za zamani. Faranga ya Congo ilirudi 1998, moja kwa zaïre mpya 100,000.

Majina husaidia vilevile. BCK ni ya zamani zaidi, KDL ilifuata, SNCZ ni kuanzia 1974, Sizarail ni kipindi kifupi cha katikati ya miaka ya 1990, SNCC ni baada ya nchi kuacha jina la Zaïre mwaka 1997. Élisabethville na Jadotville zikawa Lubumbashi na Likasi mwaka 1966, na Port-Francqui ndiyo Ilebo ya leo. Karatasi yenye neno «Shaba» badala ya Katanga ni ya enzi za Zaïre.

Lakini kuna mitego miwili. Stesheni haitupi tiketi kwa sababu serikali imebadilisha jina. Inapiga muhuri wa bei mpya juu ya ya zamani na kuendelea kuuza. Kwa hiyo maandishi ya kiwandani yanatoa tarehe ya kuchapa, muhuri unatoa tarehe ya kutumia, na jedwali linahitaji safu mbili. Mtego wa pili uko njia ya Ilebo. Reli hiyo inapita Kasaï, na Kasaï walikataa zaïre mpya ya 1993, wakaendelea na noti za zamani. Karatasi ya huko yenye bei ya zaïre nyingi mno haithibitishi kwamba ni ya kabla ya 1993. Orodha isiyojua jambo hili itazeesha karatasi kwa miaka kadhaa.

Jina la mahali lililochapwa linaandikwa kama lilivyo, na la leo linaandikwa kwenye safu ya pili. Ukifuta «Jadotville» ukaweka «Likasi», mtafiti anayetafuta jina la zamani hatakuta kitu, na aliyezaliwa juzi hatajua kwamba kadi ni ya kabla ya 1966.

Wadudu, vumbi, bati

Hapa tunakwenda haraka, isipokuwa pale Lubumbashi inapotofautiana na vitabu vya Ulaya. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Miezi ya ukame huleta vumbi jekundu na hewa kavu. Mvua za Novemba hadi Machi huleta unyevu. Kuvu huanza kuota hewa ikikaa juu ya asilimia 65 ya unyevu, kwa hiyo kipimo cha bei ndogo ukutani ni cha lazima kabla ya kununua kitu kingine chochote. Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, rafu zote ziachane na ukuta kwa upana wa ngumi, kwa sababu mchwa hupanda kwa ukuta na bati huvujia kwenye ukuta. Turubai ya plastiki ikunjwe juu ya rafu, tayari kuvutwa usiku wa mvua kubwa.

Maboksi mapya yanakaa wiki tatu mbali na mkusanyo, ndani ya mifuko iliyofungwa, na mitego ya gundi kando yake. Vitabu vinashauri kugandisha karatasi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili ili kuua wadudu. Inafanya kazi pale umeme unapokaa. Umeme ukikatika saa sita kila siku, friza inapanda na kushuka, baadhi ya wadudu wanazoea baridi, na maji yanajikusanya ndani ya mfuko. Hapa ni afadhali vifyonza oksijeni katika mifuko mizito yenye utando wa alumini, wiki tatu hadi nne. Mfuko wa plastiki wa kawaida haufai kwa njia hii: hupitisha hewa polepole, na mende hatasikia chochote.

Pini na klipu zilizoshika kutu hutolewa kwa kuteleza kipande chembamba cha plastiki kati ya chuma na karatasi, kisha kufungua miguu ya pini kwa kisu butu. Usivute. Selotepu hapana. Kufunika karatasi kwa plastiki ya moto hapana kabisa, hata kama duka la fotokopi lililo jirani linafanya kwa bei poa. Karatasi ikishaingia humo haitoki.

Mifuko ya plastiki ya sokoni ipimwe kwanza, maana ile ya PVC hutoa asidi. Na hapa Katanga kifaa cha kupimia hakikosekani. Chukua waya wa shaba, uchome hadi uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, gusa plastiki kidogo, rudisha kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, ni PVC, tupa. Fanya nje, mbali na pua na mbali na karatasi.

Ramani za buluu zina ugomvi wao. Rangi yao hufifia kwenye mwanga na huharibiwa na karatasi yenye chokaa, ile ambayo wauzaji wa vifaa vya nyaraka huisifu kuwa bora kwa kila kitu. Zifungwe kwa karatasi isiyo na asidi wala chokaa, na zisilale pamoja na nakala za zambarau au kahawia za ofisi za mafundi, kwa kuwa hizo hutoa gesi. Ramani kavu isifunguliwe kwa nguvu: ilale siku mbili kwenye chumba chenye unyevu wa wastani, kisha iviringishwe upya nje ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10.

Negatifu zinanuswa. Harufu ya siki inamaanisha plastiki ya asetati imeanza kuoza na inaambukiza jirani zake, kwa hiyo zinatengwa, zinawekwa kwenye bahasha za karatasi, na zinapigwa picha kabla ya kila kitu kingine. Zile za kabla ya 1951 zinaweza kuwa za nitrati, ambazo huwaka kwa ukali; hizo hazijaribiwi kwa kiberiti, zinatolewa jengoni.

Boksi la «ya nyumbani»

Kati ya risiti na barua za shule mlikuwa na madaftari matatu ya wanafunzi, kurasa 96 kila moja. Msaidizi aliyaweka kwenye rundo la kurudishia familia. Mkutubi aliyafungua kwa bahati tu.

Ni hesabu za gari moja la Hiace. Miaka ya 1990, mishahara ya makampuni ya serikali ilipochelewa miezi kwa miezi, familia nyingi za mji zilitafuta njia nyingine, na hii ilitia gari barabarani. Kila mstari una tarehe, njia kwa herufi, idadi ya mizunguko, lita za esansi (petroli), matengenezo, na versement, yaani pesa ambayo shofa (dereva) anamletea mwenye gari kila jioni.

Kwa maoni yetu haya madaftari matatu yana thamani kuliko taa, kofia na kibao vikijumlishwa. Taa za reli ziko kwenye makumbusho mengi. Hesabu ya kila siku ya taxi-bus moja ya Lubumbashi, imeandikwa na mikono iliyoiendesha, ni kitu ambacho hakuna ofisi iliyokuwa na sababu ya kukitunza.

Kuyasoma kunataka tahadhari. Versement si mapato. Ni kiasi kilichopatanwa; kinachozidi ni cha shofa na receveur, yaani kondakta. Ukikigawanya kwa nauli ili upate abiria, utapata mji wenye watu wachache kuliko ukweli. Pili, kwenye miaka ya pesa kuporomoka, tarakimu zinapanda hadi hazina maana. Njia nzuri ni kugeuza kila kiasi kuwa lita za esansi za siku ileile, kwa kuwa bei yake imeandikwa mstari uleule. Hapo unaona kama kazi ilikuwa inalipa au la, bila kujali sufuri ngapi zilikuwa kwenye noti.

Lita zenyewe zinasema mengine. Gari likinywa lita 12 kwa kilomita 100 na siku imetumia lita 24, limetembea kama kilomita 200. Njia ya kilomita 8 kwenda na 8 kurudi inatoa mizunguko 12. Daftari likisema 9, kilomita 56 zimekwenda wapi? Labda foleni, labda njia ndefu ya kukwepa barabara mbovu, labda esansi ilinywewa na gari jingine. Jibu haliko kwenye karatasi.

Kumfuata mzee, na shofa

Kwa sababu mzee hawezi kuja, mkutubi anakwenda, na anakwenda ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla ya kusafisha chochote. Anabeba picha zilizochapwa upya kwa ukubwa wa A4, si zile halisi. Kinasa sauti kinawekwa kwenye WAV, kilohezi 48, biti 24. Sauti ya njia moja kwa saa moja ni karibu megabaiti 520. Redio ya jirani inaombwa izimwe, na jogoo anavumiliwa.

Swali pana kama «Papa, utuelezee maisha ya reli» huleta hotuba. Swali dogo huleta habari: «Papa, kifurushi hiki ulikifungia wapi, ndani ya treni au ofisini?» «Ukitoboa tiketi, ulianza na behewa gani?» Kwa swali la kwanza tu mzee alieleza kwamba tiketi za watu walioshuka njiani zilifungwa peke yake, jambo ambalo jedwali lilikuwa limeshindwa kueleza kwa wiki nzima.

Kwa upande wa Hiace, maktaba inalazimika kuzalisha karatasi ambazo usafiri huo haukuzalisha. Mtu anapanda njia moja asubuhi na jioni, kwenda na kurudi, simu ikirekodi njia kwa GPS: Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi), Katuba, Ruashi, Kasapa, Kipushi. Anaandika nauli, majina ya vituo kama yanavyoitwa kwa sauti, na anarekodi wito wa receveur mlangoni kwa ruhusa yake. Maandishi yaliyopakwa nyuma ya magari yanapigwa picha yakiwa na tarehe na mahali. Yasiporekodiwa mwaka huu, rangi mpya itayafunika mwaka ujao.

Ruhusa na nakala

Hati ya kutoa mali inaandikwa nakala mbili, na inasema nini kinakuwa cha jumba, nini kinabaki cha familia, nani anaruhusiwa kunakili. Madaftari ya stesheni yana swali zaidi: ni karatasi za kazi za shirika la umma zilizolala kwenye nyumba ya mtu, na sheria ya nyaraka ya mwaka 1978 inahusu karatasi za aina hiyo. Busara ni kuliandikia shirika, kueleza kilichopatikana, na kuomba idhini ya kuzitunza, badala ya kungoja lije kuzidai. Kurasa zenye ajali na adhabu za watu kwa majina zinafungwa hadi wahusika au watoto wao waulizwe.

Kurasa zinapigwa kwa nukta 400 kwa inchi, tiketi kwa 600, pande zote mbili. Ukurasa wa A4 wa rangi ambao haujabanwa ni karibu megabaiti 46, kwa hiyo kurasa 2,000 ni gigabaiti 93. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Familia inapata diski yake, na daftari la Hiace limechapwa na kufungwa kama kitabu, kwa kuwa waliomba hivyo.

Herufi za njia zilisomeka karibu zote baada ya shofa wa zamani kuletewa nakala: «K» ni Kenya, «R» ni Ruashi, «KP» ni Kipushi, siku za Jumamosi tu. Imebaki «B2», inayotokea mara 17 kwenye daftari la tatu, daima jioni, daima bila versement. Kwenye jedwali safu yake ina alama ya kuuliza ya penseli.